Maji ya Samaki Ndani ya Kioo

Watoto, tuseme darasa lenu lina sanduku la kioo la kufugia samaki. Watu wa mjini huliita akwariumu. Urefu wake ni sentimeta 60, upana 30, kimo 30. Chini mmetandaza mchanga wa mto uliooshwa mara nyingi, mpaka hautoi matope tena. Mmetia maji mpaka alama ya sentimeta 25. Zidisheni: 60 kwa 30 kwa 25. Mwapata 45,000, ndizo lita 45. Mchanga wenyewe unakula nafasi ya lita 5 hivi. Basi maji ni lita 40, yaani bidoni mbili za lita 20. Humo mmetia tilapia wadogo watano, kila mmoja urefu wa kidole, kutoka bwawa la jirani.

Siku za kwanza furaha ni kubwa. Kila mtoto analeta kitu: huyu unga wa mahindi, yule kipande cha mkate, mwingine tonge la ugali. Maji ni maangavu kabisa. Ukiweka kitabu nyuma ya kioo, waweza kukisoma. Lakini siku ya kumi, asubuhi, mnawakuta samaki wote wako juu, wanafumbua na kufumba vinywa kama watu waliokimbia mlimani. Siku ya kumi na mbili wawili wanaelea, matumbo juu.

Mara maneno yanaanza. "Kuna mtu ametia sumu." "Ni yule wa darasa la sita, nilimwona dirishani." Wengine wananong'ona mambo mabaya kuliko hayo. Nyamazeni kwanza. Sumu imo kweli, lakini hakuna adui aliyeitia. Samaki wenyewe wameitoa, na ninyi mmeiongeza kwa mkate wenu.

Nani kati yenu amefungua zizi la mbuzi asubuhi na mapema? Harufu inayochoma pua na macho mnaijua. Hiyo ndiyo amonia. Inatoka katika mkojo na mavi. Kila mnyama anayekula sharti atoe mabaki mwilini mwake. Mbuzi anayatoa kwa mkojo. Samaki anatoa amonia yake hasa kwa matamvua, yale mekundu yaliyo chini ya mashavu, ambayo kwayo anavuta hewa iliyomo majini. Chakula kisicholiwa kikioza mchangani kinatoa amonia vilevile. Katika mto maji yanaichukua na kwenda zake. Katika Ziwa Édouard maji ni mengi mno hata amonia ya samaki mmoja haionekani. Lakini katika lita 40 itakwenda wapi? Samaki anakaa ndani ya choo chake mwenyewe. Na amonia haina rangi. Ndiyo sababu maji yalikuwa maangavu siku ile ile samaki walipokuwa wakifa.

Sasa mtauliza: mbona kuna watu wanaofuga samaki ndani ya kioo miaka mingi, wala hawafi? Jibu lilipatikana kwa njia ya ajabu, na watafutaji hawakuwa wakifikiri habari za samaki hata kidogo. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walitaka kujua namna ya kusafisha maji machafu ya mji. Walichukua mrija mrefu, wakaujaza mchanga uliochanganywa na chokaa, wakadondosha maji machafu juu yake polepole sana. Kwa siku 20 hivi hakuna kilichobadilika: amonia iliyoingia juu ilitoka chini vilevile. Halafu, bila mtu kugusa kitu, ikaanza kupotea, na mahali pake ikatoka nitrati, ambayo ni aina ya chumvi. Je, ni mchanga uliofanya kazi hiyo? Wakapitisha mvuke wa kloroformu, dawa ambayo madaktari wa wakati ule waliwalazia wagonjwa. Kazi ikasimama. Wakatia tena maji yaliyooshea udongo mzuri wa shamba. Kazi ikaanza upya. Mawe hayalali usingizi kwa dawa! Basi wakatambua kwamba ndani ya mchanga mna viumbe hai, wadogo hata jicho haliwaoni.

Mrusi mmoja, jina lake Sergei Winogradsky, alipokuwa Zürich katika nchi ya Uswisi, alionyesha mnamo 1890 kwamba vijidudu hao ni makundi mawili. Kundi la kwanza hula amonia na kuacha nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati. Angalieni majina hayo mawili, yanafanana kama mapacha lakini tabia zao ni mbali. Nitriti ni mbaya sana: inaingia katika damu ya samaki na kuigeuza rangi ya kahawa, na damu ya namna hiyo haiwezi kuchukua oksijeni. Samaki anakosa pumzi ingawa hewa imo majini. Nitrati ni pole zaidi. Samaki wengi huvumilia kiasi chake bila kuumwa.

Vijidudu hawa hatuna haja ya kuwanunua. Mungu amewaweka katika kila udongo na kila mto. Huja wenyewe na kushikamana na mchanga, na mawe, na kioo. Ila wanataka muda. Katika chumba chenye joto huchukua majuma manne mpaka sita kabla hawajatosha kwa kazi. Na hapa kwetu? Ikweta inapita kati ya Lubero na Butembo. Mgeni akiiona kwenye ramani hudhani tunaungua na jua. Akilala Lubero usiku mmoja anaomba blanketi la pili. Baridi ya milima yetu inapunguza mwendo wa vijidudu, kama inavyopunguza ukuaji wa tilapia. Basi sisi tungoje zaidi ya watu wa bondeni. Tuanze na samaki mmoja au wawili tu, tuwape chakula kidogo kabisa, na wengine wafuate baada ya miezi miwili. Kama kuna mtu mwenye sanduku la zamani lenye samaki wazima, mwombeni kopo moja la mchanga wake. Kopo hilo linafupisha kungoja kuliko dawa yoyote.

Haya, tuseme mmengoja, na vijidudu wamekuwa wengi. Amonia haipo tena, nitriti haipo. Je, kazi imekwisha? Hapa ndipo wafugaji wengi wanapolala usingizi. Nitrati haina mlango wa kutokea. Kila siku samaki wanakula, kila siku vijidudu wanafanya kazi, na kila siku nitrati inaongezeka. Jua na hewa vinapunguza maji ndani ya sanduku, lakini nitrati haipandi na mvuke. Mama akisahau chungu chenye chumvi jikoni, maji yanakwenda, chumvi inabaki. Ndivyo ilivyo. Mtu akiona maji yamepungua, akajaza tena mpaka alama, anajisifu: "Nimebadili maji." Hakubadili kitu. Ameongeza tu, na nitrati yote ya mwezi mzima bado imo. Kubadili ni kutoa kwanza, halafu kutia.

Tutoe kiasi gani? Chukueni vitabu vyenu vya hesabu. Tuseme samaki wetu wanaongeza miligramu 10 za nitrati katika kila lita kwa juma moja. Tusipotoa maji, baada ya majuma kumi ni miligramu 100. Tukitoa robo kila Jumamosi, yaani lita 10, na kutia maji mapya yasiyo na nitrati, juma la kwanza tunaanza na 10, tunabaki na 7 na nusu. Juma la pili imefika 17 na nusu, tunabaki na 13 na kidogo. Endeleeni wenyewe. Mtaona inapanda, lakini kila juma inapanda kwa hatua fupi zaidi, na haivuki 40 kabla ya kutoa wala 30 baada ya kutoa. Kwa nini? Kwa sababu robo ya 40 ni 10, na 10 ndiyo inayoongezwa. Anayetoa nusu hatavuka 20. Na mvivu anayetoa sehemu ya kumi tu, yaani lita 4, yake itapanda mpaka 100, ingawa anafanya kazi kila Jumamosi na kudhani ni mtu wa bidii.

Wafugaji wazoefu hupenda nitrati ikae chini ya miligramu 40 kwa lita, na wengine chini ya 20. Ikizidi sana kwa muda mrefu, samaki wanadhoofika, hawakui, wanashikwa na magonjwa upesi, na kioo kinavaa ukungu wa kijani. Ziko karatasi ndogo za kupimia: unachovya, rangi inabadilika, unailinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo. Mkizipata ni vizuri. Msipozipata, kalenda inatosha: Jumamosi ni siku ya maji.

Mimi nadhani robo inafaa kwa samaki wachache wadogo. Lakini mtu aliyesahau sanduku lake miezi mitatu asiamke siku moja na kutoa maji yote, eti anatubu. Samaki waliozoea maji mazito wakitiwa ghafula katika maji mapya huweza kufa. Atoe robo leo, robo kesho kutwa, robo tena baada ya siku mbili.

Kazi yenyewe ni rahisi. Jazeni mpira mwembamba maji, zibeni ncha zote mbili kwa vidole, tieni ncha moja sandukuni na nyingine katika ndoo iliyo chini. Mkiachia, maji yanashuka yenyewe. Msivute kwa mdomo. Pitisheni ncha juu ya mchanga, maana uchafu umelala pale. Maji mapya yalale darasani usiku mzima katika ndoo iliyo wazi, yapate joto moja na yale ya zamani. Na kama ni ya bomba yaliyotiwa klori, klori ipate kutoka, kwa kuwa inaua vijidudu wetu. Tena mtoto yeyote asioshe mchanga kwa sabuni au maji ya moto. Akifanya hivyo ataona sanduku zuri linalong'aa, na baada ya siku chache tutarudi kwenye samaki wanaofumbua vinywa. Mchanga ukijaa uchafu, usuuzwe katika maji yale yale yaliyotolewa.

Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu. Dominika wasipewe. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku moja, na mlezi wake naye anapata nafasi ya kwenda Misa bila kukimbia.

Kuna msaidizi mwingine: mmea. Nitrati ni chakula cha mimea, ndiyo ile ile inayofanya shamba lenye samadi kuwa na majani ya kijani kizito. Chomekeni tawi la kiazi kitamu, mizizi ndani ya maji na majani nje juani. Linapokua linakula nitrati. Mkikata majani yake na kuyatoa, nitrati imetoka pamoja nayo. Lakini majani yakianguka na kuoza humo humo, au tilapia akiyala, imerudi ilikotoka.

Na maji mliyoyatoa? Mwageni penye lengalenga, au kwenye vitunguu vya shule. Msiyamwage karibu na chemchemi ya kunywa. Hapo nawaomba msikilize vizuri, maana sasa si habari ya samaki tu.

Hesabu yetu ilisema maji mapya hayana nitrati. Je, ni kweli? Yategemea yanatoka wapi. Kisima kilichochimbwa chini ya choo, au chini ya zizi, kinapokea yale yale yanayotoka kwa mbuzi na kwa watu. Vijidudu wa udongoni wanayageuza nitrati, mvua inaishusha mpaka majini, na maji ya kisima yanabaki maangavu, bila harufu, bila ladha mbaya. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa, katika nchi ya Marekani, jina lake Hunter Comly, aliandika habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Visima vile vilikuwa na nitrati nyingi. Katika tumbo la mtoto mchanga nitrati hugeuka tena kuwa nitriti, na nitriti inaifanyia damu yake kama inavyoifanyia damu ya samaki. Mtu mzima akinywa maji hayo haoni kitu. Mtoto wa miezi miwili anakosa pumzi kifuani mwa mama yake. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi tazameni midomo, ufizi na kucha. Mkiona rangi ya majivu au ya buluu, apelekwe kwa daktari saa ile ile.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za nitrati kwa lita. Na jueni jambo hili ambalo hata wakubwa wengi hawalijui: kuchemsha hakuondoi nitrati. Kumbukeni chungu cha chumvi. Kuchemsha kunaua wadudu wa kuhara na wa homa ya matumbo, basi tuendelee kuchemsha bila kuchoka; lakini nitrati inabaki, tena maji yakipungua inakuwa nzito zaidi. Dawa yake ni kuchimba kisima mbali na choo na zizi, upande wa juu wa mteremko. Na mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu.

Turudi kwenye samaki, maana baba zenu wengine wana mabwawa. Zamani za Wabelgiji mabwawa ya tilapia yalichimbwa kwa wingi. Kufika mwisho wa miaka ya 1950 yalikuwa zaidi ya 100,000 katika Kongo nzima. Baada ya 1960 mengi yaliachwa yakajaa nyasi. Bwawani mambo yamegeuka: nitrati tunaitaka. Twatia samadi na mabingobingo yaliyooza kwenye pembe moja, vijidudu wanafanya kazi, maji yanakuwa ya kijani, na tilapia hula ule ukijani. Hata Ziwa Édouard limelishwa hivyo tangu kale na mavi ya viboko. Katikati ya miaka ya 1970 viboko wa Mbuga ya Virunga walikuwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000, kwa sababu ya bunduki. Samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge wamepungua kwa nyavu nyingi mno, lakini kupotea kwa mbolea ile nako kumewaumiza.

Hata bwawani lakini kuna kiasi. Tia mkono wako majini polepole, kiganja wazi. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea kabla, mbolea imezidi, acha kuitia. Mchana ukijani unatoa oksijeni, usiku unaila. Bwawa lililonona kupita kiasi linaua samaki alfajiri, wakati baba bado amelala. Utawakuta tilapia juu wanahangaika, na kambale peke yake ametulia, kwa kuwa yeye anaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi. (Msicheke, ninyi akina Kambale wa darasa hili, ni sifa, si tusi.) Siku hiyo fungulieni maji mapya ya kijito mara moja.

Maswali

1. Kwa nini samaki walikufa katika maji maangavu?

2. Schloesing na Müntz walijuaje kwamba kazi haikufanywa na mchanga wenyewe?

3. Sanduku lina lita 60 za maji. Samaki wanaongeza miligramu 12 kwa lita kila juma. Mnatoa theluthi moja kila Jumamosi. Mnatoa lita ngapi? Nitrati haitavuka kiasi gani kabla ya kutoa?

4. Jirani anasema: "Maji ya kisima changu nayachemsha, basi mtoto wangu mchanga hana hatari." Mjibuni kwa heshima.

5. Nyumbani pimeni kwa hatua umbali kati ya choo na mahali mnapoteka maji. Andikeni pia kipi kiko juu ya mteremko na kipi chini. Leteni hesabu hiyo Jumatatu.